Mwacheni Mchungaji Avae Miwani

Hapa Isiolo, mtu akivaa miwani ya jua huwa ameshahukumiwa kabla hajafungua kinywa. Akiwa kijana wa bodaboda, anaringa. Akiwa mchungaji wa ngamia, mji umemharibu. Akiwa dereva wa lori la Moyale, anaficha macho yaliyokesha na miraa. Akiwa mzee, watu humpa pole wakidhani ametoka kutolewa mtoto wa jicho. Katika hukumu zote hizo, hakuna anayeuliza swali lenye faida: huyu anaona nini ambacho sisi hatukioni?

Nasema waziwazi kwamba ipo aina moja ya miwani ya jua, ile inayoitwa miwani ya polaraizi, ambayo ni chombo cha kazi sawa na kurunzi, panga au mtungi wa maji. Kazi yake mojawapo ni kumwonyesha mtu mawingu ya mvua kubwa mapema, yangali mbali, kabla hayajawa maji yanayonguruma ndani ya laga, yaani mto wa msimu. Na nitaonyesha kwamba inafanya kazi hiyo vizuri zaidi katika nchi ya ikweta kama hii yetu, saa za mchana, katika misimu miwili ile ile tunayoingoja mvua. Wanaoipinga wana hoja tatu: kwamba ni urembo, kwamba macho ya kuzaliwa nayo na simu ya mkononi vinatosha, na kwamba miwani yote myeusi ni mamoja. Zote tatu zinakosea, na kosa hilo lina gharama.

Tuanze na gharama yenyewe. Nchi hii haisombwi na mvua inayonyesha kichwani pa mtu. Inasombwa na mvua iliyonyesha kwingine. Ewaso Ng'iro hukusanya maji yake kutoka Mlima Kenya na Aberdare, hupita Archer's Post, huteremka hadi Merti na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Laga za upande wa Kinna na Garbatulla hupokea maji ya vilima vya Nyambene. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama kwenye mchanga mkavu, jua likimchoma utosini, huku mafuriko yatakayomkuta yakiwa tayari njiani. Tarehe 4 Machi 2010, Ewaso Ng'iro ilifurika ghafla na kusomba kambi za watalii katika hifadhi ya Samburu, pamoja na kambi ya watafiti wa ndovu wa Save the Elephants. Mwishoni mwa 2023, baada ya ukame uliokula misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa 2020, mvua za El Niño zilikuja kwa nguvu na Isiolo ikawa miongoni mwa kaunti zilizofurika. Mifugo iliyonusurika kiu ikafa maji.

Marekani kuna watu wanaoendesha magari mamia ya kilomita kuifuata dhoruba, baadhi yao kwa utafiti, wengine kwa picha, na miwani ya polaraizi ni kitu cha kawaida miongoni mwao. Sisi tukisikia habari hizo tunazichukulia kama mchezo wa watu walioshiba. Tunasahau kwamba mfugaji wa Borana, Samburu, Turkana au Msomali amekuwa akiifuata mvua tangu enzi za mababu, na haifuati kwa mchezo. Akiona mvua imeangukia upande fulani, hutuma watu wa kwenda kuangalia malisho, kisha huhamisha mifugo. Akikosea kusoma wingu, atatembeza mbuzi siku kadhaa kuelekea vumbi tupu. Kama kuna mtu duniani mwenye haki ya kuvaa chombo cha kumwonyesha wingu la mbali, ni huyu.

Sasa chombo chenyewe kinafanyaje kazi? Mwanga wa jua unapoingia angani hugongana na chembe za hewa na kutawanyika, ndiyo maana mbingu ni ya buluu. Katika kutawanyika huko, mwanga hupangika: badala ya kutetemeka kila upande, sehemu yake kubwa hutetemeka katika mwelekeo mmoja. Mpangilio huo huwa mkali zaidi katika sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Mwanga unaotoka kwenye wingu haufanyi hivyo. Ndani ya wingu, mwanga hurukaruka kutoka tone hadi tone mara nyingi mno, na unapotoka nje mpangilio wote umeshavurugika. Kioo cha polaraizi huzuia mwanga unaotetemeka kwa ulalo na kupitisha ule wa wima. Kwa hiyo mwanga wa hewa tupu uliopangika kwa ulalo hupungua sana, ilhali mwanga wa wingu hupungua nusu tu. Wingu hubaki, utando ulio mbele yake hufifia. Ni kama kunyamazisha kelele za soko ili umsikie mtu mmoja anayekuita.

Anayesema kwamba miwani hii "inatia giza tu" hajaelewa jambo hilo. Si wingi wa mwanga unaolifanya jicho liione mvua ya mbali. Huiona kwa sababu ya tofauti kati ya wingu na kilicho mbele yake na nyuma yake. Wingu la radi lenye kilele cha kilomita 12 kwenda juu, ukipiga hesabu ya mviringo wa dunia peke yake, lingeweza kuonekana kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 300. Mbona basi hatulioni? Kwa sababu hewa iliyo kati yetu na wingu inang'aa kwa mwanga wake wa kutawanyika, na mng'ao huo unalifunika. Ondoa sehemu ya mng'ao huo na umeongeza umbali wa kuona, hata kama jumla ya mwanga unaoingia jichoni imepungua.

Hapa ndipo ikweta inapoingia, na nawaomba wapinzani wangu wanisikilize kwa makini. Mji wa Isiolo uko chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta. Mvua zetu za masika huja Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba, yaani katika vipindi ambavyo jua huwa limetoka kupita, au linakaribia kupita, juu ya vichwa vyetu. Katikati ya Aprili, saa sita na nusu mchana, jua huwa umbali wa nyuzi kama kumi tu kutoka utosini. Jua likiwa utosini, sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwake ni ipi? Ni upeo wa macho wenyewe, duara zima, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Na mwanga wa hewa katika upeo huo unatetemeka kwa ulalo, mwelekeo ule ule ambao miwani hii imetengenezwa kuuzuia. Kwa maneno mengine, saa ile ambayo mawingu ya Nyambene na Mlima Kenya yanaanza kujijenga, ndiyo saa ambayo miwani ya polaraizi inasafisha upeo wote wa macho kwa wakati mmoja bila mtu kuhitaji hata kuinamisha shingo. Katika nchi za mbali na ikweta, jua la mchana hukaa upande mmoja sehemu kubwa ya mwaka, na faida hiyo haizunguki upeo wote namna hiyo. Chombo kilichobuniwa ughaibuni kimekuja kukuta makao yake hapa.

Asiyeamini na asimame kando ya barabara kuu ya kwenda Marsabit, maeneo ya Ngare Mara, mchana wa siku ya Aprili isiyo na vumbi, na aangalie upande wa Nyambene. Kwa macho matupu ataona ukanda wa weupe wa kijivu uliokaa juu ya vilima, ambao haumwambii kama ni wingu, joto au moshi. Avae miwani. Ukanda ule utagawanyika: buluu itakolea kwa juu, vichwa vya mawingu vitatokeza vyeupe vyenye mafundo, na chini yake utaonekana msingi ulio tambarare na mweusi. Kama kuna pazia la mvua linaloning'inia kutoka kwenye msingi ule, kingo zake zitaonekana. Kisha aivue miwani, aizungushe mbele ya jicho moja hadi isimame wima, aone utando ukirudi, halafu airudishe ilivyokuwa, aone utando ukiondoka. Hicho si kitu cha kuaminishwa na mtu. Kila mwenye jicho anaweza kukipima mwenyewe.

Jua linaposhuka, mambo hubadilika, na ni haki kusema hivyo. Saa tisa alasiri, mpangilio wa mwanga upande wa kaskazini na kusini huwa umelala mshazari. Kanuni ni moja na ni rahisi kuikumbuka: inamisha kichwa kuelekea upande lilipo jua. Saa sita jua liko juu, kichwa kisimame wima. Saa tisa jua liko magharibi, nawe ukitazama kaskazini lalia bega la kushoto kidogo, na utando utafifia tena. Magharibi jua likigusa ardhi, upande wa kaskazini na kusini miwani haitakusaidia mpaka ulaze kichwa kabisa. Msimu wa vumbi jingi, faida hupungua, kwa kuwa punje kubwa za vumbi hazipangi mwanga vizuri kama chembe za hewa. Na mbingu ikishafunikwa yote na wingu, vua miwani uiweke mfukoni. Chombo chenye mipaka bado ni chombo. Hakuna anayelitupa panga kwa sababu halichimbi kisima.

Twende kwa hoja ya pili, ya wanaosema kwamba wazee wetu walisoma mbingu bila miwani. Ni kweli walisoma, na wangali wanasoma. Wazee wa Borana hutazama nyota, upepo, mwenendo wa mifugo na hata matumbo ya mnyama aliyechinjwa, na mabaraza yao yaitwayo dedha yameongoza malisho na maji kwa elimu hiyo. Siwezi kuidharau elimu hiyo na siwezi kukubali itumiwe kama fimbo ya kumchapia kijana. Elimu ya mzee ni kujua kwamba wingu lenye msingi mweusi linaloegemea upande fulani litamwaga maji katika laga fulani. Miwani haidai kulijua hilo. Inachofanya ni kumfikishia mzee huyo picha ya wingu lenyewe likiwa safi. Tena jicho la mzee aliyekaa miaka sitini kwenye jua kali na upepo wa mchanga si jicho la ujana wake. Miale ya urujuanimno ni miongoni mwa mambo yanayochangia mtoto wa jicho na nyama ya jicho, yaani ule utando unaoota juu ya jicho kutokea pembeni. Kumwambia mzee avumilie jua kwa macho matupu kwa jina la mila ni kumnyima silaha ya kuitumia mila hiyo.

Wapo pia wanaoona kwamba kutazama mbingu kwa kifaa ni kwenda kinyume na maumbile. Hao nawaelekeza kwenye mizinga ya nyuki. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mtafiti Karl von Frisch alionyesha kwamba nyuki hutambua mpangilio wa mwanga wa mbingu na kuutumia kujua njia, hata jua likiwa limefichika na kipande cha buluu tu ndicho kinachoonekana. Nyuki anayetengeneza asali ya nyika hii amekuwa akiutumia mwanga huu tangu kuumbwa kwake. Binadamu hakujaliwa jicho la namna hiyo. Alijaliwa akili ya kulitengeneza: Mfaransa Étienne-Louis Malus aliugundua mwanga uliopangika kwa kuakisiwa mwaka wa 1808, na Mmarekani Edwin Land akaomba hataza ya karatasi yake ya kuuchuja mwaka wa 1929. Kilichobaki ni sisi kuacha kumcheka anayeivaa.

Na simu? Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri, na kila kaunti ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa. Utabiri huo ni wa lazima, na asiyeufuata anajitakia. Lakini utabiri husema Isiolo itapata mvua alasiri sehemu chache. Sehemu gani? Mvua yetu ni ya vipande. Wingu moja laweza kuwa na upana wa kilomita kumi tu, likalowesha boma hili na kuacha lile la jirani likiwa kavu. Kaunti yetu ni pana mno, na mchungaji aliye Sericho au pembezoni mwa Oldonyiro mara nyingi hana mtandao wa kumletea picha ya setilaiti. Utabiri humwambia leo akae macho. Macho yake ndiyo yatakayomwambia laga ipi ataivuka na ipi ataiacha. Vitu hivi viwili havishindani, na anayemlazimisha mchungaji kuchagua kimoja hamtakii mema.

Hoja ya tatu ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu inasemwa na wauzaji na wanunuzi pia: kwamba miwani ni miwani, mradi iwe nyeusi. Kioo cheusi kisichochuja mwanga uliopangika hupunguza kila kitu kwa kiasi kilekile, wingu na utando pamoja, nawe unabaki na utando uleule ukiwa na giza zaidi. Na kama kioo hicho hakizuii miale ya urujuanimno, kinadhuru: mboni hupanuka kwa sababu ya giza na kuruhusu miale mingi zaidi kuingia. Huyo aliyekataa miwani baada ya kununua moja ya namna hiyo sokoni alikuwa na haki ya kuikataa. Hakuwa na haki ya kuihukumu ya polaraizi.

Kuipambanua hakuhitaji mtaalamu. Chukua miwani mbili zinazodaiwa kuwa za polaraizi, weka kioo cha moja mbele ya kioo cha nyingine, kisha zungusha moja polepole. Zikiwa za kweli, zikifika kwenye msalaba wa mraba zitakuwa nyeusi kiasi cha kukaribia kuzuia mwanga wote. Zikiwa bandia, hakuna kitakachobadilika. Kama una moja tu, itazame skrini ya simu yako kupitia kioo chake huku ukikizungusha. Kwa skrini nyingi, kuna pembe ambapo itatiwa giza. Muuzaji akikukataza kufanya jaribio hilo, umeshapata jibu. Tafuta pia maandishi ya UV400, ambayo yanaahidi kinga ya macho, na kwa kusomea mawingu chagua kioo cha kijivu, kwa sababu hakibadilishi rangi, na rangi ya msingi wa wingu ni habari.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo ni la wanaohofia kwamba chombo hiki kitampa mtu ujasiri wa kijinga. Marubani hushauriwa kuepuka miwani ya polaraizi kwa sababu huzima baadhi ya skrini za chombo na kuonyesha madoa kwenye vioo vya ndege. Dereva naye anaweza kukosa kuona mng'aro wa lami iliyolowa, ambao ni ishara ya utelezi. Kwenye maji, miwani hii hukata mng'aro wa juu, na mtu akaona mchanga wa chini ya laga na kudhani maji yanafika kwenye kifundo cha mguu tu, ilhali maji yoyote hukionyesha kina pungufu kuliko kilivyo. Haya yote ni kweli, na jibu lake ni mafunzo. Marufuku na dhihaka havimfundishi mtu kitu. Hakuna anayepaswa kuvuka laga inayotiririka kwa miguu au kwa gari, avae miwani au asivae. Na giza likiingia, miwani ya jua ivuliwe.

Hata wataalamu wa kufuata dhoruba wa Marekani hawakuokolewa na macho yao. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na mji wa El Reno katika jimbo la Oklahoma, kimbunga kilichofikia upana wa takribani kilomita nne kiliwaua Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young, watu waliokuwa na uzoefu wa miaka mingi. Kimbunga hicho kilikuwa kimefunikwa na mvua, na kiligeuza mwelekeo wake. Funzo lake kwetu ni kwamba kuliona wingu mapema kuna faida moja kubwa, kupata muda wa kuondoka njiani mwake. Anayeitumia miwani ili asogee karibu zaidi ameigeuza kazi yake. Mchungaji wa Isiolo anaihitaji ili awatoe ngamia kwenye mchanga wa laga nusu saa kabla, na ili ajue kesho malisho yatachipua upande gani.

Kwa hiyo dai langu lina sehemu tatu. Wenye mizani ya maneno, yaani sisi tunaokaa vibarazani, tuache kumwita mvaa miwani mringaji. Wauzaji waruhusu jaribio la vioo viwili kabla ya kupokea pesa. Na serikali ya kaunti ya Isiolo, iliyokuwa miongoni mwa zilizotangulia kujaribu mfuko wa tabianchi wa kaunti, iingize miwani ya polaraizi iliyopimwa katika orodha ya vifaa vya tahadhari vinavyogawiwa wachungaji, askari wa wanyamapori na vijana wanaotumwa kutafuta malisho, pamoja na nusu siku ya kuwafundisha kanuni ya kichwa na jua. Tunagawa mahindi baada ya ukame na mablanketi baada ya mafuriko. Kumsaidia mtu kuliona wingu kabla halijamwaga maji ni msaada wa bei nafuu kuliko yote hayo, na ndio pekee unaokuja kabla ya msiba.